Norsborg, Mwisho wa Reli

Tumeombwa na wahariri tuandike juu ya mtaa wetu, kwa faida ya jamaa waliohamia karibuni, na pia wale walioko miji mingine ambao hulisikia jina la Norsborg katika taarifa ya habari ya jioni tu, na aghalabu habari hizo si za kheri. Tumekubali kwa furaha. Wahariri wanajua kwamba mwalimu mstaafu akishapewa kalamu ni taabu kumnyang'anya, kwa hiyo lawama ya urefu wa makala haya iwafikie wao.

Kwa Watanzania, Kigoma ni mwisho wa reli, na neno hilo hutamkwa nusu kwa fahari na nusu kwa mzaha. Norsborg nayo ni mwisho wa reli. Mgeni akitaka kuja kwetu na apande treni ya chini ya ardhi pale T-Centralen, katikati ya Stockholm, njia nyekundu nambari 13, ahakikishe kwamba ubao umeandikwa Norsborg na wala si Ropsten, kisha aketi atulie kwa zaidi ya nusu saa. Atapita Skärholmen, atapita Vårby gård. Baada ya Masmo treni huchomoka ndani ya mwamba ikavuka maji kwa daraja, na ng'ambo ya maji hayo ndipo manispaa yetu ya Botkyrka inapoanza: Fittja, Alby, Hallunda, kisha Norsborg. Mwenye masikio hahitaji kusoma majina ya vituo. Vituo vya katikati ya mji Kiswidi hutawala, tena cha sauti ya chini. Kadiri treni inavyosogea kusini ndivyo sauti zinavyopanda, kikaingia Kituruki, Kiarabu, Kikurdi, Kisuryani na Kisomali, na mara mojamoja, mlangoni, mama mmoja akimwambia mwanawe kwa Kiswahili safi asisahau mkoba.

Mtaa huu si wa jana. Jina la Botkyrka maana yake ni kanisa la Botvid, mtakatifu wa Kikristo wa karne ya 12 aliyeishi pande hizi. Huko Tumba, ndani ya manispaa hii hii, Benki Kuu ya Uswidi ilianzisha mwaka 1755 kiwanda cha karatasi za noti. Na hapa Norsborg kwenyewe, ukingoni mwa ziwa Mälaren, pamesimama tangu mwaka 1904 mtambo wa kusafisha maji ambao hadi leo hunywesha sehemu kubwa ya Stockholm, hasa upande wa kusini. Jambo hili hutufurahisha kuliko inavyostahili. Bwana anayetusema vibaya gazetini asubuhi, huenda kahawa iliyo mbele yake imepikwa kwa maji ya Norsborg.

Majumba ya zege anayoyaona mgeni atokapo kituoni ni ya zama nyingine. Kati ya mwaka 1965 na 1974 serikali ya Uswidi ilijiwekea shabaha ya kujenga nyumba milioni moja kwa miaka kumi, kwani watu wengi mijini walikuwa wakiishi kwa kubanana, na shabaha hiyo ikafikiwa. Reli ilifika hapa mwaka 1975. Wakazi wa kwanza wengi walikuwa Waswidi na Wafini. Baadaye wakaja Waturuki, wengi wao kutoka mji wa Kulu katika mkoa wa Konya, na Wakristo wa Kisuryani waliojenga kanisa lao Hallunda, na Wachile, na Wairaki, na Wasomali, na hatimaye sisi, ambao ni wachache na tumetawanyika. Majumba hayo husemwa kwamba ni mabaya. Kwa macho ni kweli hayana urembo. Lakini ndani yana joto la kutosha katika baridi ya Januari, maji moto hayakatiki, na vyumba vina nafasi. Aliyewahi kuishi familia nzima katika chumba kimoja cha kupanga pale Magomeni au Majengo haoni sababu ya kuyadharau.

Tuje kwenye chungu, kwani najua akina mama wameshaanza kuruka mistari.

Chakula cha Waswidi kina sifa mbaya miongoni mwetu. Husemwa kwamba hakina chumvi wala pilipili, na kwamba samaki wao hutiwa sukari, jambo ambalo kwa sill wa siki ni kweli. Walakini kuna kiungo kimoja ambacho Mswidi na Mswahili hukipenda kwa mapenzi yaleyale, nacho ni iliki. Ukipita asubuhi mbele ya duka la mikate, harufu inayotoka ni ya mahamri. Watu hawa hutia iliki iliyopondwa ndani ya unga wa ngano na chachu na maziwa na sukari, kama tufanyavyo sisi, ila wao huoka palipo sisi hukaanga, kisha hukiita kardemummabulle. Tumewahi kuona akina mama wa Mombasa wakipeleka mahamri ya mbaazi kwenye sherehe ya shule, na Waswidi wakayala pamoja na kahawa yao, bila mbaazi, wakauliza tu ni mkoa gani wa Uswidi unaokaanga namna hii.

Vitu vya kupikia havina shida tena kama zamani. Maduka ya Hallunda na Fittja yana muhogo uliogandishwa, ndizi mbichi, bamia, tui la nazi la kopo, ukwaju, unga wa mahindi mweupe, mchele wa basmati kwa magunia. Sukuma wiki ya Wakenya hupatikana kwa jina la grönkål, na Waswidi wa baadhi ya majimbo huila wakati wa Krismasi. Kinachokosekana ni kile kisichouzwa: mti wa mwembe uani na jirani wa kumwomba ndimu.

Samaki ni habari nyingine, na hapa tutakaa kidogo. Wengi wetu hatujui kwamba tangu mwaka 1985 kila mtu nchini Uswidi ana ruhusa ya kuvua kwa ndoana na mshipi, bila ya kulipa, katika pwani na katika maziwa makubwa matano ya nchi hii, na Mälaren letu ni mojawapo. Huhitaji leseni wala uraia, ila uheshimu vipimo: samaki mdogo kuliko urefu uliowekwa hurudishwa majini. Ukishuka Slagsta, mwendo wa miguu kutoka majumbani, utawakuta jioni za kiangazi wazee wa mataifa yote wamejipanga ukingoni kama shakwe. Kuna abborre, mwenye mistari; kuna gädda, mwenye mdomo mrefu na miiba ya kuudhi; na kuna gös, ambaye nyama yake ni nyeupe, imara, haina harufu ya tope. Huyo wa mwisho ndiye wetu. Mpake chumvi, ndimu na pilipili, mbanike, kisha mmwagie tui zito lenye ukwaju na bizari. Hatusemi kwamba ni changu wa Lamu. Tunasema kwamba ukifumba macho, na dirisha likiwa wazi, na upepo ukitoka ziwani, unaweza kula sahani mbili.

Hapohapo Slagsta kuna kivuko cha magari kiendacho kisiwa cha Ekerö. Ni cha serikali na ni bure, kwa mwenye gari na asiye nalo. Watu wa Mombasa watakumbuka Likoni, ambako aendaye kwa miguu huvuka bure. Tofauti ni kwamba hapa hakuna wa kukusukuma. Familia isiyo na fedha ya safari na iwapeleke watoto huko siku ya jua: kwenda na kurudi, upepo wa maji, wala hakuna senti iliyotoka mfukoni. Na mwisho wa Julai, msitu ulio karibu hujaa zabibu za porini za buluu ambazo desturi ya nchi humruhusu kila mtu kuzichuma. Uyoga pia huruhusiwa, ila kwa uyoga tunaomba mpate kwanza mtu anayeujua.

Nyama inataka maelezo ya uangalifu zaidi, kwani hapo chungu na siasa hukutana. Uswidi ilipitisha mwaka 1937 sheria inayotaka mnyama azimishwe fahamu kabla ya kuchinjwa, na sheria hiyo ikaanza kutumika mwaka 1938, wakati ambapo Waislamu nchini walikuwa wa kuhesabika. Maana yake ni kwamba nyama ya halali iliyochinjwa hapa nchini imetokana na mnyama aliyezimishwa kwanza, na ile isiyokuwa hivyo imetoka nje. Wako wanavyuoni wanaoikubali ya kwanza kwa masharti, na wako wasioikubali. Sisi si mufti, hatutoi fatwa. Tunachosema ni kwamba muuza nyama anapaswa kuulizwa nyama yake imetoka wapi na nani ameithibitisha, na yule anayekasirika kwa swali hilo amekwisha kujibu.

Watoto wetu hula chakula cha mchana shuleni bure. Sheria ya elimu ya nchi hii inataka chakula cha shule ya msingi kisitozwe fedha na kiwe na lishe bora. Tukikumbuka shule tulizosomesha, ambako mtoto alikuja na kiazi mfukoni au hakuja na kitu, hatuna budi kuiita neema. Siku ya nyama ya nguruwe huwekwa chakula kingine, mradi mzazi ameiarifu shule. Jinsi chakula hicho mbadala kinavyopikwa, na ni nani anayepanga orodha ya wiki, hayo ni mambo ya manispaa, na manispaa tutairudia.

Desturi za nyumbani hatutazieleza zote. Waswidi huvua viatu mlangoni kama sisi, na hili limewaokoa wengi wetu na aibu. Ukiambiwa uje saa 12, njoo saa 12. Baba asukumaye kigari cha mtoto saa 4 asubuhi si kwamba hana kazi: tangu mwaka 1974 nchi hii humlipa mzazi, awe mama au baba, akae nyumbani na mtoto, na leo katika siku 480 za mtoto mmoja kila mzazi ana siku 90 ambazo hawezi kumpa mwenzake. Vijana wetu wa kiume wamelizoea jambo hilo upesi kuliko baba zao.

Lakini mgeni asipoonywa juu ya chumba cha kufulia, atajuta. Katika majumba haya kila jengo lina chumba cha pamoja chenye mashine, nacho huitwa tvättstuga. Mtu huchagua siku na saa yake ubaoni, hufua, hukausha, hufagia, husafisha kichujio cha nyuzi, hutoka kabla ya dakika kwisha. Hakuna mjumbe wa nyumba kumi anayesimamia, na hakuna anayepaza sauti. Aliyekosea hukuta karatasi imebandikwa mlangoni, imeandikwa kwa adabu inayokata kama wembe. Tunaamini kwamba anayetaka kuielewa serikali ya Uswidi na aanzie chumba cha kufulia: kanuni zimeandikwa, zamu ni ya kila mtu, na asiyejiandikisha hakuna anayemnyima haki yake, ila saa zake zote zitachukuliwa na wengine.

Saumu ya kaskazini nayo ina mambo yake. Wazee wanaikumbuka Ramadhani ya mwaka 2016, iliyoangukia Juni, ambapo jua la Stockholm lilizama baada ya saa 4 usiku na kuchomoza kama saa 9 na nusu, na kati yake giza kamili halikuingia kabisa, hata watu wakahitilafiana juu ya wakati wa isha na wa alfajiri, kila msikiti na ratiba yake. Sasa mwezi unarudi nyuma kuelekea majira ya baridi. Mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuingia mara mbili, Januari na Desemba, na mwishoni mwa Desemba jua la hapa huzama kabla ya saa 9 alasiri. Wajukuu watafuturu wakiwa njiani kutoka shule, na watatuuliza tulikuwa tunalalamikia nini.

Tumefika kwenye siasa.

Ukiketi nasi Jumamosi alasiri katika mkahawa wa Hallunda, utadhani uko Jaws Corner, Mji Mkongwe, isipokuwa kahawa ni ghali zaidi na haina tangawizi. Utasikia nani atapanda na nani atashuka Dodoma. Utasikia ya Nairobi kwa majina ya majimbo na ya Zanzibar kwa majina ya shehia. Ndugu wa Kivu watakueleza Kinshasa na Goma hadi mkahawa ufungwe. Watu hawa wana elimu ya siasa ambayo chuo kikuu kingejivunia. Kisha uliza, kwa upole, ni chama gani kinachoiongoza manispaa ya Botkyrka na kwa ushirika na nani. Vijiko vitaanza kukoroga vikombe visivyokuwa na sukari.

Hili linatusikitisha, kwani tofauti na tunavyodhani wengi, hatuhitaji pasipoti ya Uswidi ili tuwe na kauli hapa. Tangu mwaka 1976 mgeni mwenye umri wa miaka 18 aliyeandikishwa kuwa mkazi wa nchi kwa miaka mitatu mfululizo ana haki ya kupiga kura ya manispaa na ya mkoa. Bunge pekee ndilo linalotaka uraia. Uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka minne, Jumapili ya pili ya Septemba, na vituo hufunguliwa kwa kawaida saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku. Karatasi ni za rangi tatu: ya njano ni ya Bunge, ya buluu ni ya mkoa, nyeupe ni ya manispaa. Kadi ya kura huja kwa posta bila kuombwa. Asiyeweza kungoja Jumapili anaweza kupiga kura mapema, kuanzia siku 18 kabla, maktabani au katika kituo cha maduka, akiwa na kitambulisho. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 waliopiga kura ya Bunge nchini kote walikuwa zaidi ya 84 kwa kila 100 wenye haki. Katika mitaa ya namna yetu huwa wachache mno kuliko hivyo, na wanasiasa wanazijua hesabu hizo. Nyumba isiyopiga kura hubishiwa hodi mwisho.

Mgeni asitarajie msisimko wa kampeni kama anaoujua. Hakuna malori wala ngoma. Vyama husimamisha vibanda vidogo vya mbao uwanjani, watu wazima wakasimama ndani yake wakigawa vikaratasi, na ukikaribia utapewa kahawa na labda andazi la iliki. Hapo mzee mmoja kutoka Tanga aliwahi kutuuliza kama si takrima hiyo. Swali lake ni la kisheria. Tanzania ilipobadili sheria ya uchaguzi mwaka 2000 ilimruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, na ubwabwa mwingi ukaliwa kwa jina la takrima, hadi Mahakama Kuu ilipovifuta vifungu hivyo mwaka 2006 kwa kuwa vinavunja Katiba. Tulimjibu mzee kwamba kikombe kimoja cha kahawa isiyo na sukari hakiwezi kumnunua mtu yeyote, na akaridhika.

Wengine husema: manispaa ni kitu gani, inazoa taka tu. Tazameni basi. Katika kodi ya mshahara wa kawaida hapa, ambayo jumla yake ni takriban 32 katika kila 100, sehemu iliyo kubwa huingia manispaa na inayobaki huenda mkoani. Mkoa huendesha hospitali na treni hii iliyotuleta. Manispaa huendesha shule, chekechea, maktaba, vibali vya kujenga, na huduma ya wazee majumbani. Sisi tulio katika miaka ya sitini tunalifikiria hili la mwisho zaidi kuliko vijana. Mtu akipatwa na maradhi ya kusahau, lugha aliyojifunza ukubwani mara nyingi hutangulia kumtoka. Atakapobaki na Kiswahili tu, ni nani atakayekuja kumwogesha, na watazungumza nini? Hilo huamuliwa na watu waliochaguliwa kwa karatasi nyeupe.

Adhana ya Fittja pia. Msikiti ule, uliofunguliwa mwaka 2007, ulikuwa na mnara usiotoa sauti, kwa kuwa sharti la zamani la manispaa lilizuia adhana ya hadharani. Wenyewe hawakuandamana. Waliandika maombi, wakahudhuria vikao, wakajibu maswali, na mwaka 2012 sharti likaondolewa. Polisi wakatoa kibali chenye kikomo cha ukubwa wa sauti, na Ijumaa tarehe 26 Aprili 2013 adhana ikasikika kwa kipaza sauti kutoka mnarani, kwa mara ya kwanza nchini Uswidi. Wenzetu Waturuki walikuwa wamekaa Botkyrka miaka mingi na walijua mlango upi wa kubisha.

Mfano wa pili hauna tamati ya furaha. Miaka ileile manispaa iliamua kumuuzia mnunuzi binafsi nyumba zipatazo 1,300 za Alby, kituo cha pili kutoka kwetu. Wakazi wakaungana, wakakusanya maelfu ya sahihi kudai kura ya maoni. Lakini sheria inazihesabu sahihi za wenye haki ya kupiga kura pekee, na lazima ziandikwe kwa ukamilifu wake. Katika uhakiki nyingi zikakataliwa, na nyumba zikauzwa. Wale wapangaji walikuwa na hoja, na hadi leo tunaona kwamba hoja yao ilikuwa nzuri kuliko ya waliouza. Kilichowashinda ni karatasi.

Nasi tuna karatasi yetu, nayo ndiyo iliyotufanya tuikubali kazi hii ya kuandika. Tangu mwaka 1977 mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwake si Kiswidi ana haki ya kufundishwa lugha hiyo na shule, kwa gharama ya umma. Masharti hayako mengi. Mzazi mmoja angalau awe na lugha hiyo kuwa lugha yake ya kwanza. Mtoto awe anaitumia kila siku nyumbani na awe na msingi wake. Wanafunzi wasipungue watano katika manispaa nzima, wala si shule moja. Na apatikane mwalimu anayefaa. Yakitimia hayo, manispaa haina hiari. Yasipotimia haina wajibu, wala hakuna atakayekuja kutuuliza kwa nini.

Mwalimu hupatikana. Wapo waliosomea ualimu Chang'ombe, Nkrumah, Kagumo na Bukavu ambao leo wanafanya usafi usiku katika maofisi ya Stockholm. Mapungufu yako upande wetu wazazi. Fomu huja nyumbani pamoja na karatasi nyingine za shule, na penye pengo la lugha mzazi huandika Kiarabu, kwa kuwa ndiyo lugha ya Qur'ani, au Kisomali, kwa kuwa jirani ameandika hivyo, au Kifaransa, kwa kuwa kina hadhi, au huliacha wazi akidhani kwamba Kiswahili mtoto atakipata jikoni. Qur'ani watoto wanaisoma madrasa, Alhamdulillahi, na itaendelea kusomwa. Jikoni nako, tusidanganyane, mama husema Kiswahili na mtoto hujibu Kiswidi. Sharti la matumizi ya kila siku linaanza kutuponyoka hapo, kwenye meza iliyojaa pilau.

Inafaa tukumbuke kwamba nchi hii na lugha yetu hazikukutana leo. Mwalimu Nyerere alipoziona shule za Waswidi za kuelimisha watu wazima alizipenda, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza Tanzania mwaka 1975 vikajengwa kwa mfano wake na kwa msaada wa Uswidi; mafunzo humo yalitolewa kwa Kiswahili. Na Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, baadhi yao wakaletwa Trollhättan, walifika na Kiswahili midomoni. Waliunda jumuiya yenye kamati, na mwaka 1985 wakafungua msikiti wao, wa kwanza wa Kishia nchini. Jumuiya katika nchi hii ni chombo chenye nguvu: ikiwa na katiba, mwenyekiti, mweka hazina, mkaguzi wa hesabu na mkutano wa mwaka wenye kumbukumbu zilizotiwa sahihi, inaweza kuomba ukumbi na ruzuku kama yoyote nyingine. Ya kwetu hapa bado inabishania jina.

Kwa jengo moja tu la Norsborg, ngazi mbili zinazotazamana, tumewahesabu watoto saba wa umri wa shule ambao mama zao huwaita kula kwa Kiswahili. Wanne wako darasani pamoja. Kati ya wazazi hao, wawili wametuambia kwamba wameandika Kiswahili katika fomu. Fomu mpya hutolewa na ofisi ya shule kwa kuombwa, na jina la lugha huandikwa hivi: swahili.